Barua ya dawa ilipotoweka kwenye simu

Muuguzi wa kliniki ya watoto alishika kalamu juu ya faili, akasubiri.

"Mama, daktari wa Dar es Salaam amesema sasa tuongeze mpaka kiasi gani?"

Mama alifungua barua pepe kwenye simu. Hakuwa na wasiwasi. Barua aliisoma mwenyewe siku ilipoingia, siku 17 nyuma, na hatua ya kwanza ya dozi akaiandika kwenye kalenda iliyoning'inia nyuma ya mlango wa jikoni. Hatua ya pili hakuiandika. Ya nini, wakati barua ipo?

Akapandisha kidole, akashusha. Kwenye kikasha zilikuwamo barua chache tu, zote za siku za karibuni: matangazo, ujumbe wa shule, taarifa ya ada. Ya daktari haikuwapo. Wala ya kabla yake, wala majibu ya kipimo cha umeme wa ubongo, wala barua nyingine yoyote ya ile miaka miwili ambayo binti yake wa miaka saba amekuwa akitibiwa kifafa.

Akatazama kwenye barua taka, hakuna. Kwenye zilizofutwa, hakuna. Kwenye zilizotumwa, barua zake yeye kwa daktari zilikuwa zimejipanga zote, moja baada ya nyingine, kama maswali yaliyokosa majibu.

"Wameniingilia," alisema. "Wameniibia barua zangu."

Alijaribu kumpigia daktari. Simu iliita mpaka ikakata. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yake, na mtoto alikuwa amechoka, ameegemea mkono wake. Mama akasema kwa sauti ya chini, "Nadhani ilikuwa kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni."

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Mama, dawa hii haikisiwi."

Alikuwa na sababu. Dawa mpya ya mtoto, lamotrijini, hupandishwa polepole, hatua kwa hatua. Ikipandishwa haraka inaweza kuleta vipele vikali vya ngozi, na hatari hiyo huwa kubwa zaidi kwa mtoto ambaye tayari anatumia valproeti, kama huyu. Lakini kubaki kwenye dozi ya chini kuliko aliyopangiwa nako ni kumwacha mtoto karibu na degedege. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 50 duniani wanaishi na kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 kati yao wangeweza kuishi bila degedege kama wangepimwa na kutibiwa ipasavyo. Ule "ipasavyo" wa binti huyu ulikuwa kwenye barua ambayo mama yake haioni.

Ndipo akakumbuka kompyuta. Akampigia mumewe.

"Baba, ile kompyuta unayo?"

"Ninayo kwenye begi. Nipo Makambako kwenye mbao. Kuna nini?"

"Ifungue. Tafuta barua ya daktari."

"Iko wapi?"

"Bofya ile alama ya ndege wa bluu."

"Huku kompyuta haina intaneti, mama."

"Fungua hivyo hivyo."

Kimya kikapita. Zikasikika sauti za wapakiaji na mlango wa lori ukifungwa. Kisha baba akasema, taratibu, kama mtu anayesoma jambo kwa mara ya kwanza, "Ipo. Imeandikwa wiki mbili za kwanza hivi, wiki mbili zinazofuata hivi..." Akanyamaza tena. "Kumbe dawa ziko mbili?"

Aliipiga picha barua kwenye kioo cha kompyuta, akaituma kwa WhatsApp. Muuguzi akaisoma mara mbili, akaandika. Dozi haikuwa ile aliyodhani mama.

Mwanzo wa tatizo

Hakuna aliyeiba kitu. Barua zilikuwa zimehamia ndani ya kompyuta.

Familia hii inaishi Mafinga, mkoani Iringa. Bingwa wa mishipa ya fahamu anayemwona mtoto yuko Dar es Salaam, na kwa kuwa safari ni ndefu na nauli si ndogo, kati ya kliniki moja na nyingine maelekezo huja kwa barua pepe. Mama amekuwa akiisoma kama wengi wetu tunavyosoma: anaingia kwenye tovuti kwa kivinjari cha simu au cha kompyuta, anaandika nenosiri, anasubiri ukurasa ufunguke. Bando likiisha, barua haifunguki. Mvua ikinyesha na mtandao ukayumba, barua haifunguki.

Mtoto wa kaka yake, mwanafunzi wa chuo, alikuja likizo akamkuta akilalamika. "Shangazi, hii kazi ndogo," alisema. Alipakua Thunderbird, programu ya bure ya barua pepe ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2004, akaiweka kwenye kompyuta mpakato ambayo baba aliinunua mtumba kwa ajili ya hesabu za mbao. Akaandika jina la shangazi, anwani yake na nenosiri. Programu ikatafuta yenyewe mipangilio ya huduma ile, ikaleta njia mbili za kuchagua: IMAP na POP.

Kijana alichagua POP. Aliwaza bando: barua zishuke mara moja, ziishie kwenye kompyuta, shangazi azisome hata mtandao ukikatika. Nia ilikuwa njema na kwa hilo hakukosea. Lakini kulikuwa na kisanduku kidogo chenye tiki, kinachoeleza kwamba nakala zitaachwa kwenye seva kwa siku zisizozidi 14. Hakukitilia maanani. Likizo ikaisha, akarudi chuoni.

Siku 14 zikapita bila mtu kuona tofauti. Barua zilisomeka kwenye simu kama kawaida. Zilipotimia, programu ikafanya ilichoagizwa: ikaziondoa kwenye seva barua zote zilizokwisha kushushwa. Simu huonyesha kilichopo kwenye seva tu. Seva ilipobaki tupu, nayo ikabaki tupu. Zile zilizotumwa zilisalia kwa sababu POP hushughulika na kikasha cha barua zinazoingia peke yake.

Sanduku la posta

Aliyekulia enzi za sanduku la posta ataielewa tofauti hii upesi kuliko vijana. Mtoto alipewa ufunguo wa S.L.P., akaenda posta, akafungua sanduku, akabeba barua zote akazileta nyumbani. Sanduku likabaki wazi. Baba akipita posta jioni akiwa na ufunguo wake, hakuti kitu. Barua ziko nyumbani, na nyumba ikiungua zimeungua nazo.

Hiyo ndiyo POP. Hata herufi za jina lake, kwa Kiingereza, zimebeba neno ofisi ya posta. Ilibuniwa mwaka 1984, wakati mtu alikuwa na kompyuta moja na ndiyo hiyo hiyo ya kusomea barua zake.

IMAP ni mpango mwingine. Mark Crispin aliibuni mwaka 1986 akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Kwa njia hii barua zinabaki posta, na kila mwenye ufunguo anaonyeshwa zilezile. Ukiisoma kwenye kompyuta, kwenye simu inaonekana imeshasomwa. Ukiihamishia kwenye folda, imehama kote. Programu inaweza pia kuweka nakala kwenye kompyuta ili barua isomeke bila mtandao. Kwa nyumba yenye simu mbili na kompyuta moja, na mgonjwa anayehitaji kufuatiliwa, hii ndiyo njia inayofaa.

Ina tahadhari yake. Kwa kuwa wote mnatazama sanduku moja, anayefuta amewafutia wote. Mtoto akichezea simu akafuta barua, na kwenye kompyuta itaondoka. IMAP inawaonyesha wote barua zilezile, lakini haihesabiki kuwa akiba.

Jioni ya kurekebisha

Baba alirudi siku ya pili yake jioni. Kijana alipigiwa simu chuoni. Mama alipomweleza yaliyotokea kliniki, alikaa kimya kwa muda. "Nisamehe, shangazi," alisema. "Sikuwaza kama ni barua za dawa."

"Yamepita. Sasa tuelekeze, na twende polepole."

Jambo la kwanza aliloagiza lilikuwa kutogusa kitu. Ile akaunti ya POP ndani ya programu ndiyo iliyoshika nakala pekee ya barua za miaka miwili. Kuifuta kwa hasira kungekuwa kuzika kila kitu. Akawaambia pia kwamba akaunti iliyowekwa kwa POP haigeuzwi kuwa IMAP. Inabidi ufungue nyingine kando yake, kwa anwani ileile.

Baba ndiye aliyekaa kwenye kibodi. Mama alikaa pembeni na simu ikiwa imewekwa sauti ya juu. Waliwasha intaneti ya simu ili kompyuta iitumie. Wakafungua sehemu ya kuongeza akaunti mpya, wakaandika jina, anwani, nenosiri. Safari hii wakachagua IMAP. Kijana akawataka wasome namba zilizojitokeza: barua zinazoingia, mlango 993, barua zinazotoka, mlango 465, zote mbili na ulinzi wa SSL/TLS. "Sawa," alisema. Huduma nyingine hutumia 587 kwa barua zinazotoka, nayo si kosa. Cha kuangalia ni kwamba ulinzi umewashwa, maana bila ulinzi nenosiri na barua husafiri wazi.

Nenosiri likakataliwa. Mama akaliandika tena, herufi kwa herufi. Likakataliwa tena.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa wakidhani wamesahau nenosiri. Mara nyingi hawajasahau. Huduma nyingi hazipokei tena nenosiri la kawaida kutoka kwenye programu ya nje. Google, kwa mfano, iliacha utaratibu huo kwa akaunti za watu binafsi mwaka 2022. Ukiwa na anwani ya Gmail, Thunderbird hukufungulia dirisha la Google lenyewe, unaingia humo na kukubali programu isome barua zako, na nenosiri lako halibaki ndani ya programu. Huduma nyingine hukutaka uingie kwenye ukurasa wao wa usalama ukatengeneze nenosiri maalumu la programu, ambalo hutumika mahali hapo tu. Ya mama ilikuwa ya aina hiyo ya pili. Alilitengeneza kwenye simu, akalisoma kwa sauti, baba akaandika. Barua zikaanza kuingia.

Zilikuwa zilezile chache za kwenye simu. Sasa ikabaki kurudisha za zamani. Ndani ya akaunti mpya walitengeneza folda wakaiita "Matibabu". Kisha wakafungua akaunti ya zamani, wakachagua barua za daktari moja moja, wakazinakili kwenye folda ile. Kijana alisisitiza: kunakili, si kuhamisha, ili kama mtandao ukikatika katikati za asili ziwe bado zipo.

Kazi ilichukua muda kwa sababu baba alikuwa akizisoma. Aliifungua barua ya kwanza kabisa, ya siku ugonjwa ulipotajwa kwa jina. Akafungua majibu ya kipimo. Akafungua barua ambayo mama aliambiwa aandike kila degedege linapotokea, saa ngapi na limechukua dakika ngapi, na akakutana na maelezo ya nini cha kufanya: mlaze ubavu, usimwekee kitu mdomoni, na likipita dakika tano apelekwe hospitali.

"Hii ya kijiko," aliuliza, "ile siku mimi nilitaka kumwekea kijiko. Hukuniambia."

"Nilikwambia. Ulikuwa unaondoka."

Hakujibu. Akanakili barua iliyofuata.

Saa nne kasoro usiku mama alishika simu yake, akavuta kikasha chini ili kijisasishe. Folda ya "Matibabu" ikatokea, na ndani yake barua ya kwanza mpaka ya mwisho. Wakafanya jaribio ambalo kijana aliwaambia wasilale bila kulifanya: wakazima intaneti, wakaifunga programu, wakaifungua tena. Barua ya dozi ikafunguka pamoja na kiambatisho chake.

Kabla hujajaribu nyumbani

Mzazi anayetaka kuweka barua pepe yake kwenye programu ya kompyuta anaweza kuifanya kazi hii mwenyewe jioni moja. Mambo machache yanafaa kukumbukwa.

Chagua IMAP, hasa kama barua hizo unazisoma pia kwenye simu. Kama una sababu ya kutumia POP, tafuta kwanza palipoandikwa kuacha nakala kwenye seva, na uone ni kwa siku ngapi.

Hakikisha programu inaweka nakala kwenye kompyuta hiyo, kisha jaribu kufungua barua muhimu bila intaneti. Usisubiri siku ya kliniki ndipo ujue.

Usiweke akaunti yako kwenye kompyuta ya kazini inayotumiwa na watu wengi, wala ya kibanda cha intaneti. Programu ikishawekwa hufungua barua bila kuuliza nenosiri kila mara. Hata ya nyumbani, iwekee nenosiri la kuiwasha. Ugonjwa wa mtoto ni siri yake kabla ya kuwa habari ya mtu mwingine, na kifafa bado kina watu wanaokisema vibaya. Kompyuta ikiibwa, ingia kwenye akaunti kwa simu, badili nenosiri na uondoe ruhusa ya kompyuta hiyo.

Barua ya dawa ikifika, usiiache iishi kwenye barua pepe peke yake. Hifadhi kiambatisho kwenye folda ya kompyuta, na uchapishe nakala moja steshenari ikae kwenye faili la mtoto. Karatasi haihitaji bando.

Na dozi ikipotea, usiikisie, wala usiache dawa ghafla ukisubiri ipatikane, kwa sababu kuacha dawa za kifafa ghafla kunaweza kuleta degedege. Rudi kwa aliyeiandika au kwa kituo kinachomhudumia mtoto.

Wiki mbili baadaye

Siku ya kliniki iliyofuata mama alikuwa na mtihani wa wanafunzi wake, hakuweza kutoka. Baba alimchukua mtoto. Alibeba faili lenye nakala ya barua, na kwenye simu yake akawa na picha ya barua ileile.

Muuguzi alimtambua mtoto, akamtazama baba kwa mashaka kidogo, kama wauguzi wanavyowatazama akina baba waliotumwa. Akachukua kalamu.

"Baba, hatua ya sasa ni ipi?"

Alimtajia dawa zote mbili, asubuhi na jioni, kabla hajafungua faili. Kisha akalifungua, akamwekea barua mezani ili aihakikishe.